Nani Aliyelipia Karamu ya London?

Mwezi wa Juni 1875 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliingia London akiwa mgeni wa serikali ya Uingereza. Malkia Victoria alimpokea Windsor. Akatembezwa kwenye viwanda vya Birmingham na Manchester, akaonyeshwa bandari ya Liverpool, kisha akavuka kwenda Paris kabla ya kurudi Unguja. Ziara hiyo imetuachia vitabu viwili. Cha kwanza kiliandikwa kwa Kiarabu na mtu wa msafara wake, kwa amri na kwa heshima ya mgeni mwenyewe. Cha pili kiliandikwa kwa Kijerumani na dada yake, ambaye alikuwa London wakati huohuo na hakualikwa popote.

Kila mfalme wa kigeni anapotua Afrika Mashariki, sisi hubishana juu ya gharama: magari mangapi, hoteli zipi, barabara gani imetiwa lami kwa haraka, na fedha zimetoka fungu gani. Ni maswali ya haki na sina nia ya kuyadharau. Lakini naamini yana upungufu mmoja, na vitabu hivi viwili vinauonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote ya bungeni. Gharama ya kumpokea mfalme haimo katika hesabu za hazina peke yake. Imo pia katika namna habari inavyopangwa: nini kinatangulia, nani anapewa sauti, na msimulizi ananyamaza wapi. Asiyelisoma umbo la habari hiyo ataona sahani zilizopangwa mezani, asimwone aliyezilipia.

Kabla ya vitabu, tuweke wazi hali ilivyokuwa, kwani bila hiyo ukarimu wa London utaonekana kama mapenzi tu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi na kuzamisha merikebu za Sultani bandarini. Januari 1873 Sir Bartle Frere alikuja Zanzibar na ujumbe wa Uingereza kumtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Miezi michache baadaye konseli John Kirk alimletea tishio la kuzingirwa kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani akatia saini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa mahali pake. Kwa hiyo mtu aliyekaribishwa Windsor mwaka 1875 alikuwa ameshaporwa na upepo, kisha akalazimishwa na wenyeji wake walewale kuachia pato kubwa la dola yake. Karamu ilikuja baada ya saini. Ukiitazama hivyo, fedha zilizotumika kwa hoteli na magari ya farasi zilikuwa ndogo sana mbele ya kile ambacho Uingereza ilikuwa imeshakipata.

Mahesabu ya namna hii hayakuwa mageni kwa nyumba ya Busaidi. Baba yake Barghash, Seyyid Said, alituma merikebu yake Sultana hadi New York, ikafika tarehe 30 Aprili 1840 ikiongozwa na Ahmad bin Naaman. Ilibeba bidhaa za kuuza, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mazulia, shali, mafuta ya waridi na upanga. Serikali ya Marekani iliitengeneza merikebu hiyo katika karakana ya jeshi la majini Brooklyn bila kumtoza Sultani. Mjadala ukazuka kuhusu zawadi. Katiba ya nchi ile hairuhusu mtumishi wa umma kupokea tunu kutoka kwa mfalme wa kigeni bila ridhaa ya Kongresi, na Van Buren akalazimika kuipeleka habari hiyo mbele yake. Kongresi ikaamua tunu zipokelewe kwa jina la taifa, baadhi yake ziuzwe, na fedha ziingie hazina. Nautaja mfano huu kwa sababu ya umbo lake. Pale ukarimu uliandikwa kama azimio, likiwa na jina la mtoaji, jina la mpokeaji, na mahali fedha zilipoishia. Ni maandishi makavu, ila mtu yeyote angeweza kuyafuatilia mpaka mwisho.

Habari ya mwaka 1875 haikuandikwa hivyo.

Kitabu cha Kiarabu ni Tanzih al-absar wa-l-afkar fi rihlat sultan Zanjibar. Kilitokana na kumbukumbu za Zahir bin Said, katibu aliyekuwamo katika msafara, kikahaririwa na Louis Sabunji, padri na mwandishi wa magazeti, na kuchapishwa London miaka michache baada ya safari. Ni rihla, yaani habari za safari, na rihla ni umbo lenye adabu zake katika fasihi ya Kiarabu tangu zamani za Ibn Battuta, ambaye naye alipita pwani yetu mwaka 1331. Kichwa chenyewe kimefungwa kwa mlio mmoja, absar na afkar, kama ilivyo desturi ya nathari yenye vina. Msomaji ameshaambiwa mlangoni kwamba anaingia mahali pa fahari.

Ndani, umbo linakwenda kwa mfululizo. Mgeni anafika mahali, anapokewa, anaonyeshwa kitu, anashukuru, anaondoka. Halafu mahali pengine. Mtiririko huo una nguvu ya kweli. Unampa Sultani wa kisiwa cha Afrika hadhi ya mtazamaji, wakati ambapo magazeti ya Ulaya yalikuwa yakimtazama yeye na kumfanya kioja. Zahir anayageuza macho: Wazungu ndio wanaotazamwa, mashine zao, madaraja yao, desturi zao. Nampa heshima kubwa kwa hilo. Katika zama zile kusema kwamba mtu wa Unguja alikwenda Ulaya akaitazama na kuipima lilikuwa jambo la ujasiri.

Lakini mfululizo huohuo wa kufika na kuondoka una kazi ya pili. Katika sentensi ya mapokezi, mwenyeji hutoa na mgeni hupokea, na kitenzi kinakomea hapo. Hakuna nafasi ya kuuliza kwa nini anatoa. Rihla ya kifalme haina mahali pa kuweka mkataba wa 1873, kwani mkataba ungemgeuza mwenyeji kuwa mdai na mgeni kuwa mdaiwa, na sentensi yote ya ukarimu ingevunjika. Simlaumu Zahir kwa kusema uongo. Alichagua umbo ambalo ndani yake deni halina pa kukaa. Kitabu kilichapishwa London, Barghash akiwa hai na akiwa bado anawahitaji Waingereza, na umbo hilo lilimfaa kila aliyehusika.

Sasa tuje kwa dada.

Bibi Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Aliondoka Unguja Agosti 1866 ndani ya manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Akabatizwa Aden kwa jina la Emily, wakafunga ndoa, wakahamia Ujerumani. Ruete alikufa mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Mwaka 1886 alichapisha Berlin kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin. Wengi wetu tunakijua kwa picha zake za jumba la Beit al-Mtoni: uwanja wenye tausi, swala na mbuni, vyumba vya hamamu, roshani ya duara ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko ameinamisha kichwa. Waongozaji watalii husimulia sehemu hizo, na ndizo zinazouza kitabu. Lakini sura inayonigusa zaidi inakuja karibu na mwisho, na imepewa jina la kaka yake na mji alioutembelea: Seyyid Barghash akiwa London.

Angalia kwanza wakati wa vitenzi. Sehemu kubwa ya kitabu inasimuliwa kwa mazoea: tulikuwa tukiamka, baba alikuwa akiketi barazani, kahawa ilikuwa ikipita, merikebu za baba zilikuwa zikirudi kutoka ng'ambo na vitu tulivyoviagiza. Hakuna siku maalumu. Ni wakati unaozunguka, wa mtu anayekumbuka nyumba ambako kila kitu kilikuwapo bila kuombwa. Ukarimu katika sura hizo hauna bei kwa sababu hauna tarehe. Wageni huja, hupewa kahawa na marashi, huondoka. Salme anasema watu wa Beit al-Mtoni walikadiriwa kufika elfu moja, na idadi yenyewe inatupwa tu, kama jambo ambalo hakuna aliyehangaika kulihesabu.

Katika sura ya London wakati unanyooka. Kila tendo linatokea mara moja na halirudi. Salme anasoma gazetini kwamba kaka yake anakuja Uingereza. Anaamua kwenda. Anajitahidi kujifunza Kiingereza kwa muda mfupi. Anawaacha watoto, anafunga safari. Ghafla kila kitu kina muda, kina nauli, kina mtu wa kuombwa. Bintimfalme ambaye katika sura za mwanzo hakuwahi kuuliza bei ya kitu sasa anahesabu. Mageuzi hayo ya wakati wa vitenzi yanatosha kutuambia jinsi maisha yake yalivyogeuka, kabla hata hajalalamika.

Kisha anaingia Bartle Frere. Ni yuleyule aliyekuja Unguja mwaka 1873 na rasimu ya mkataba, na sasa ndiye anayemtembelea mjane huyu. Anamweka mbele ya chaguo: anataka kupatana na ndugu zake, au anataka maisha ya watoto wake yawe salama? Kama atajizuia kumkaribia Sultani wakati wa ziara, serikali ya Uingereza itaangalia malezi ya watoto. Salme, mama wa watoto watatu anayejipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu, anachagua watoto. Barghash anamaliza ziara yake bila bughudha, anaondoka. Halafu jibu la serikali linakuja: yeye ni raia wa Ujerumani, aelekee kwa serikali yake. Ahadi imekwisha.

Hapa ndipo ninapoona ustadi wa mwandishi. Sura ina jina la Barghash, na Barghash hasemi ndani yake hata neno moja na dada yake. Mgeni mkuu yupo mjini. Magazeti yanamtaja, wakuu wanamwendea, lakini katika sura inayobeba jina lake kiti chake kitupu. Mazungumzo yote yanafanyika kandoni, katika chumba cha kupanga, kati ya mwanamke na mtumishi wa dola. Zahir alituonyesha ukumbi. Salme anatuonyesha kazi iliyofanywa ili ukumbi uwe shwari. Utulivu wa ziara ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na mlipa kodi wa Uingereza. Ililipwa na mtu mmoja kwa kunyamaza, akakopwa, na deni lake halikulipwa.

Kuna uzi mwingine unaopita kitabu kizima na kufika hapa. Katika sura za utotoni Salme anaeleza jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Aliiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Kalamu hiyo iliyopatikana kwa wizi ndiyo iliyomwingiza matatani mwaka 1859, alipokuwa katibu wa uasi dhidi ya kaka yao mwingine, Seyyid Majid. Uasi ule ulikuwa wa Barghash. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, aliandika barua zake. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki Unguja na chuki ya nusu ya ukoo. Kwa hiyo msomaji anayefika kwenye sura ya London akiwa ameshazipitia sura hizo anajua jambo ambalo Frere hakulitia maanani: mgeni wa heshima alikuwa na deni la zamani kwa dada yake, deni la wino. Salme hahitaji kulisema upya. Amelipanga kitabu chake ili tulikumbuke wenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya malalamiko na fasihi, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaokiona kitabu hiki kuwa ni mkusanyiko wa desturi za kale tu.

Hata hivyo, msomaji wa Unguja hawezi kuishia kumsifu. Salme anapotueleza gharama yake mwenyewe, anafumba macho mbele ya gharama kubwa zaidi. Mtazame anavyomchora mke wa Kiajemi wa baba yake, bintimfalme aliyetoka Uajemi na wafuasi wake, mzuri wa sura, mwenye kutumia mali bila kipimo, ambaye mwishowe aliachwa akarudi kwao. Ndiye anayehusishwa na hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850, ambayo kuta zake zimenakshiwa kwa chokaa maua, mitende na ndege kwa ufundi wa Kiajemi. Mgeni wa kifalme aliyekaa miaka, tuseme. Salme anaorodhesha ufujaji wake kwa ukali kidogo na kwa husuda kidogo. Lakini orodha yake inaanzia kwenye vito na kuishia kwenye vito. Haishuki chini ya kilima cha Kidichi, kwenye mashamba ya mikarafuu, ambako watumwa waliovuna ndio waliokuwa wakimlipia Mwajemi, na kumlipia Salme mwenyewe.

Anapowazungumzia watumwa waziwazi, amewawekea sura ya peke yao, na sura hiyo ina umbo la hoja, si la simulizi. Anawajibu Wazungu, anatetea utumwa wa Kiarabu, anadai haufanani na ule wa Marekani, anawashutumu Waafrika kwa uvivu. Mtu mwenye jicho la kuona kitambaa, marashi na mwendo wa baba yake roshani, anapofika kwa watumwa anaacha kuona na kuanza kubishana. Kwangu huo ndio ufa mkubwa wa kitabu. Frere alimtumia Salme, na Salme naye alikuwa amejengwa juu ya watu wasiopewa sura wala sauti. Kitabu kinachotufundisha kumtafuta aliyelipa kinatupa pia kazi ya kumtafuta yule ambaye mwandishi alikataa kumtafuta.

Barghash aliporudi alijenga. Beit al-Ajaib ilisimama mwaka 1883, jumba la shughuli za heshima, likitazama bahari. Lilijengwa na uwanja wa ndani kama nyumba nyingine kubwa za Mji Mkongwe, lakini kwa nje likazungushiwa roshani pana ghorofa juu ya ghorofa, kwenye nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Nyumba ya Kiarabu ya desturi huficha utajiri wake nyuma ya ukuta mtupu na mlango wa nakshi. Jumba hili lilijifungua kwa nje ili aliye chomboni alione kabla hajateremka. Nalisoma kama jibu la Barghash kwa London: umbo la mwenyeji anayetaka kuonekana mwenyeji. Na mwaka 1885 wageni walikuja kweli. Manowari za Ujerumani zilijipanga mbele ya mji mwezi wa Agosti, na pamoja nazo alikuja Salme na watoto wake, safari hii kwa gharama ya dola ya Bismarck. Barghash alilazimika kuyatambua madai ya Wajerumani bara, na jambo hilo lilipokwisha, haja ya kumtetea dada nayo ikapoa. Mara ya pili nauli yake ilikuwa imelipiwa na mtu mwenye shughuli nyingine.

Hatua chache kutoka Beit al-Ajaib, kwenye ukingo wa bustani ya Forodhani, liko tao jeupe la zege. Inasimuliwa kwamba lilijengwa na Waingereza mwaka 1956 kwa ajili ya kuwasili kwa Bintimfalme Margaret, dada yake Malkia Elizabeth, na kwamba hakuteremkia pale. Aliteremshwa kwenye bandari ya majahazi. Wakati huo Zanzibar ilikuwa katika joto la siasa: chama cha Hizbu kilikuwa kimeundwa mwaka 1955, Afro-Shirazi kingefuata mwaka 1957, na uchaguzi wa kwanza ulikuwa mlangoni. Katikati ya hayo serikali ya kikoloni ilisimamisha mlango unaofungukia bahari, kwa mguu wa mtu mmoja. Tao ni umbo la kupitia. Halina kazi nyingine. Leo wauzaji wa urojo na mishikaki wanapanga meza zao jirani nalo kila jioni, na vijana wanajirusha majini kutoka ukuta ule, wala hakuna anayeona haja ya kuuliza ni nani aliyelipia saruji. Ningependa tuulize.

Ndugu zetu wa Uganda waliuliza. Novemba 2007 Kampala ilimpokea Malkia Elizabeth II aliyekuja kufungua mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge ikachunguza matumizi, na kesi zikafika mahakamani. Gilbert Bukenya, aliyekuwa Makamu wa Rais, alishitakiwa mwaka 2011 kuhusu zabuni ya magari na mashitaka yakaondolewa. Mawaziri watatu nao walishitakiwa na kuachiwa huru. Ripoti ile, kama azimio la Kongresi la 1840, ni umbo lenye safu za fedha na majina ya wahusika. Tunazihitaji ripoti za namna hiyo. Kila nchi inayowapokea wafalme inapaswa kuziandika na kuzitangaza. Lakini ripoti haiwezi kuandika kilichofanyika katika chumba cha kupanga mwaka 1875, wala kunyamazishwa kwa wenye madai siku za wageni. Mfalme Charles III alipokuja Nairobi na Mombasa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2023, swali lililokuwa zito zaidi kwa Wakenya wengi halikuwa bei ya zulia. Lilikuwa la wazee wa Mau Mau na wa mashamba ya chai ya Kericho: kwa nini mgeni anasema anasikitika na haombi msamaha. Wazee hao hawamo katika bajeti yoyote ya mapokezi. Wanafanana na Salme zaidi kuliko wanavyofanana na msafara.

Ndiyo maana napinga desturi ya kuvitenganisha vitabu hivi viwili, Zahir kwa wasomi wa Kiarabu na Salme kwa watalii na wapenda hadithi za mapenzi. Kila kimoja kikisomwa peke yake kinapotosha. Rihla inatupa Sultani asiyedaiwa. Memoiren inatupa bintimfalme asiyewadai wala kudaiwa na watumwa wake. Vikiwekwa ubavu kwa ubavu, mwaka mmoja na mji mmoja, vinasahihishana, na msomaji anaanza kuona nani yupo ukumbini, nani yupo chumba cha pembeni, na nani hajaruhusiwa kuingia katika kitabu chochote.

Nawaomba basi walimu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar pia, waziweke habari hizi mbili za 1875 ndani ya jalada moja la Kiswahili, zikiwa na maandishi ya mkataba wa 5 Juni 1873 mbele yake, na kijana wa Unguja apewe azisome zote tatu kwa pamoja kabla hajaambiwa aende barabarani kumpungia bendera mgeni mwingine.